Wakuu, mtoto kapata sifuri swali la nyuzi joto, nimhamishe shule?

Ngosha Mpole: Wakuu habari za jioni. Nina dogo yuko darasa la sita. Swali lilisema: joto la mwili wa mtu mwenye afya ni nyuzi 37 za Selsiasi, badili kuwa Farenhaiti. Kapewa sifuri, kalia mpaka kakataa kula. Naona mwalimu ana lake jambo. Nimhamishe au nianze kwa mwalimu mkuu? Matusi hapana.

Mpishi wa Kona: Usinikumbushe Farenhaiti. Nilipoanza biashara ya keki nilifuata maelekezo ya Wamarekani: oveni 350. Yangu inaishia 250. Nikaweka hiyo 250, nikasema nitaongeza muda. Juu mkaa, katikati uji. Kumbe 350 yao ni kama 177 zetu. Ilikuwa keki ya kipaimara, mama yule hanisalimii mpaka leo.

Fundi Friji: Dogo alijibu ngapi?

Ngosha Mpole: Hiyo siyo hoja mkuu. Hoja ni mwalimu kumvunja moyo mtoto.

Fundi Friji: Ngapi?

Ngosha Mpole: 104.

Bi Mkora: 😂😂 Huyo mwenye afya mkimbizeni hospitali.

Fundi Friji: 104 ni nyuzi 40 zetu, homa kali. Jibu ni 98.6. Alipitia njia gani?

Ngosha Mpole: Zidisha mara mbili, jumlisha 30. Sawa, nilimfundisha mimi. Lakini niliijaribu kwa 10 ikaja 50, na simu nayo ikasema 50. Njia ni sahihi, angempa hata nusu. Barua ya uhamisho nimeshaandika, iko mfukoni.

Mzee wa Kahawa: Wazazi wa leo mnawafanyia watoto kazi, wakikosa mnawagombeza walimu. Sisi tulichapwa na tukashukuru.

Fundi Friji: Ngosha, ulibahatika. Hiyo njia inapatia kwenye 10 tu. Ukisogea mbele au nyuma inateleza. Ya kukadiria hali ya hewa sawa, mtihani hapana.

Mwambie dogo hivi. Jengo moja, ngazi mbili. Zote zinaanzia barafu inapoyeyuka, zinaishia maji yanapochemka. Ya Selsiasi ina vidato 100, imeandikwa 0 mpaka 100. Ya Farenhaiti ina vidato 180 vifupi vifupi, ila aliyeiandika hakuanza na 0, kidato cha chini ni 32 na cha juu 212. Ukipanda vidato 5 huku, mwenzako kapanda 9 kule. Basi 37 gawa kwa 5, zidisha kwa 9: 66.6. Ongeza ile 32 ya kuanzia. Kurudi, toa 32 KWANZA, ndipo uzidishe kwa 5 na kugawa kwa 9. Wengi wanaanguka hapo.

Chaki Nyeupe: Nyongeza. Celsius, yule Msweden, mwaka 1742 aliandika 0 kwa maji yanayochemka na 100 kwa barafu. Baadaye ndipo ikageuzwa. Isingegeuzwa, Februari hapa Dar tungesema "leo 68" huku jasho linatiririka.

Kachumbari: Wakuu, hii chai. Juzi kwenye uzi wa wachumba huyu huyu alisema ana miaka 26, hana mke wala mtoto. Leo ana wa darasa la sita? Chai imechemka nyuzi 212.

Mpishi wa Kona: Na mimi nimeanika keki yangu bure.

Ngosha Mpole: Ni wa dada yangu, naishi kwao. Mjomba si mzazi?

Bi Mkora: Dada anajua habari za kuhama?

Ngosha Mpole: Hajui. Alinituma nimsaidie hesabu tu.

Kachumbari: Uzi mmoja, nyuzi kibao.

Ngosha Mpole: Nimekaa na dogo kibarazani, nimemwonyesha zile ngazi. Nikampa 25. Kasema 77 kabla sijafungua simu. Mimi nilishaandika 80. Sasa ananiuliza, kuna mahali ngazi zote mbili zina namba moja?

Fundi Friji: Ipo, chini kabisa ya barafu. Hasi 40. Gawa kwa 5 ni hasi 8, mara 9 hasi 72, ongeza 32. Mwache ahakikishe mwenyewe, usimsaidie.

Bi Mkora: Na barua?

Ngosha Mpole: Kaifanyia hesabu nyuma yake.