Mratibu wa kombe la mtaa umeniachia jezi 44 zenye nembo ya watu, halafu unasema kosa ni la fundi

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mimi ni fundi wa kuchapa jezi hapa Mwanga, Kigoma. Nina mashine moja ya joto, cherehani mbili na vijana wawili wanaotegemea kazi hiyo hiyo.

Mwezi uliopita alinijia mratibu wa kombe la mtaa akitaka jezi 44 za timu mbili. Tukaelewana 13,000 kila moja, jumla 572,000, akaacha 150,000. Kifuani alitaka nembo ya klabu kubwa ya Ligi Kuu, na chini yake jina la mdhamini wa klabu hiyo, mdhamini ambaye hilo kombe hata halijui. Nikamwambia, kaka, hii nembo ina wenyewe. Akanijibu bila wasiwasi: "Badilisha rangi ya ukingo, punguza herufi moja, hapo inakuwa yetu. Mbona wote wanafanya?" Nikakubali. Hapo nilikosea, na kosa hilo nalibeba.

Siku mbili kabla ya ufunguzi, wakala wa jezi wa klabu hiyo akapata habari, akampigia mratibu. Mnajua alijibu nini? Kwamba yeye aliagiza jezi tu, nembo ni ubunifu wa fundi. Ubunifu wangu! Picha ya nembo alinitumia mwenyewe WhatsApp saa nne usiku, ninayo mpaka leo. Wakala akaja dukani akanionya jezi hata moja isivuke mlango, la sivyo tutakutana mahakamani. Tangu siku hiyo mratibu hapokei simu.

Nilijaribu kuuokoa mzigo. Nikapasha moto jezi moja, nikaibandua nembo taratibu kwa kibano. Wino ulitoka, gundi ikabaki inang'aa, na ukikiinamisha kitambaa kwenye mwanga unaiona nembo nzima kama kivuli. Nikarudishia pasi niimalize ile gundi, polista ikajikunja na kuungua palepale kifuani. Ya pili sikuigusa.

Kinachonichoma ni huu uongo wa "ukibadilisha kidogo si kosa" unaozunguka kwa mafundi wote wa hapa. Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986 haisubiri nembo zilingane kila kitu. Inatosha ifanane na iliyosajiliwa kiasi cha kumchanganya mnunuzi. Na kwa mratibu huyu lengo lilikuwa hilohilo, watu waione jezi waifikirie klabu. Sasa kupunguza herufi moja kulimsaidia nini?

Halafu jezi moja inaweza kubeba alama za watu watatu: klabu, mdhamini, na mtengenezaji. Ile mistari mitatu ya adidas begani mnayoona ni pambo tu nayo ina mwenyewe. Ukikopi kifua na mabega umeshagusa wote.

Kuna wanaonishauri niandike "si orijino" niuze tu. Uingereza kulikuwa na mchuuzi, Matthew Reed, aliyeuza skafu na fulana za Arsenal nje ya uwanja tangu 1970, na kibandani kwake aliweka tangazo kwamba bidhaa zake si rasmi. Arsenal wakamshtaki. Mwaka 2002 Mahakama ya Ulaya ikasema tangazo lile halimwokoi, na 2003 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ikawapa Arsenal ushindi. Mtu wa miaka zaidi ya 30 kazini! Mimi wa Mwanga nitajitetea na nini?

Mtu akileta jezi yake orijino nimpunguzie ubavuni au nimwandikie jina mgongoni avae mwenyewe, hiyo naifanya bila hofu. Ila kunirundikia fulana tupu na nembo za kubandika ili ukauze, sahau.

Na inaniuma kwa sababu njia safi ipo. Mwaka jana vijana wa Ujiji walitaka kitu chao wenyewe, nikawachorea mgebuka mwenye taji juu ya mawimbi. Jezi zilipendeza, watu walizifuata mpaka mwaloni wakiulizia zinapouzwa. Nembo kama ile unaweza kuipeleka BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, ikasajiliwa kwa miaka 7, kisha ukahuisha kwa miaka 10 kila mara. Nilimwonyesha mratibu mchoro ule. Akasema samaki ni ushamba.

Sasa sikiliza, mratibu, najua unapita humu. Sikudai jezi uzivae, hazitoki hapa. Nakudai 422,000 ya kitambaa, wino na usiku tatu za vijana wangu, na nakutaka umpigie wakala umwambie ile picha ilitoka kwenye simu ya nani. Ukikataa, Jumatatu nampelekea mazungumzo yote mwenyewe.