MJADALA: Mazoezi ya kushusha wanajeshi kwenye fukwe zetu, tunajifunza au tunapimwa?

Ngalawa Mbovu:
Wakuu, salaam. Mwishoni mwa Julai 2024 hadi Agosti tulikuwa na zoezi la Amani Umoja, sisi, Wachina na Msumbiji. Nchi kavu ilikuwa Mapinga kule Bagamoyo, na kulikuwa na kipande cha baharini. Wachina walileta meli yao Wuzhishan. Meli ya aina hiyo inajaza maji sehemu ya nyuma, mlango unafunguka, na boti za kushushia askari na magari zinaelea zenyewe kutoka tumboni. Imejengwa kwa ajili ya ufukwe wa mtu mwingine.

Mimi nimekulia baharini. Huwezi kushusha jeshi kwa kubahatisha. Lazima ujue mteremko wa mchanga, miamba iko wapi, maji yakipwa yanaacha tope kiasi gani. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, hapa Dar maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Ukichelewa, boti inalala mchangani na wewe unalala nayo. Muulizeni Mwingereza aliyefukuzwa na nyuki Tanga mwaka 1914.

Swali: mgeni akishamaliza zoezi, daftari la vipimo vya ufukwe wetu linabaki kwa nani? Sipingi zoezi, naulizia daftari. Naomba kuwasilisha.

Jogoo la Mjini:
Mleta mada, Mchina ndiye aliyetusaidia kujenga kambi ya wanamaji Kigamboni, na kituo cha mafunzo cha Mapinga kilichofunguliwa 2018 ni mkono wake pia. Vipimo anavyo tangu wewe hujaota ndevu. Leo ndiyo unashtuka?

Ngalawa Mbovu:
Kwa hiyo kwa kuwa anavyo, tumuongezee?

Bi Mkubwa Chumbageni:
Nimesoma mpaka kwenye nyuki, nikaishia hapo. Sisi watu wa Tanga tumechoka. Nyuki hawakumfukuza mtu!

Waingereza walikuja na watu wapatao 8,000, wengi wao Wahindi waliokaa wiki kadhaa melini wanatapika. Waliowasubiri upande wa Mjerumani walikuwa kama 1,000 tu. Na kabla ya kushuka, manowari yao Fox iliingia bandarini mchana kweupe kumwambia mkuu wa mji kwamba makubaliano ya kutopigana yamefutwa. Mwizi gani anapiga hodi? Von Lettow, kamanda wa Mjerumani, akapata muda wa kujaza askari kwenye treni kutoka Moshi. Hao jamaa wakashukia Ras Kasone, kwenye majabali na mikoko, wakaanza kupotezana vichakani.

Nyuki walitoka tarehe 4 Novemba, vita vimeshapamba moto, kwa sababu risasi zilipiga mizinga yao. Wakamuuma kila waliyemkuta, hadi rashasha za Mjerumani zikanyamaza kwa muda. Mpeni nyuki haki yake, lakini msimpe vita nzima.

Kamanda wa Sofa:
Mama shikamoo, lakini babu alituambia wale nyuki walitegwa. Kamba zilifungwa kwenye mizinga, Mwingereza akipita anajikwaa, kazi imeisha.

Bi Mkubwa Chumbageni:
Marahaba mwanangu. Hayo Waingereza wenyewe waliyasambaza, maana kushindwa na mtego kuna heshima kuliko kushindwa na watu wachache. Babu yako alikuwepo?

Kamanda wa Sofa:
Alikuwa Handeni.

Bi Mkubwa Chumbageni:
Basi aliwasikia wakilia kutoka Handeni.

Mkaazi wa Lamu:
Ndugu zetu Wabongo mwapigania nyuki wa miaka mia. KDF, jeshi letu la Kenya, walishuka Kismayu kule Somalia kutoka baharini usiku wa Septemba 28, 2012, na Al-Shabaab wakauacha mji. Manda, huku kwetu Lamu, tumefanya mazoezi na Wamarekani miaka nenda miaka rudi, na ufukwe wetu uko pale pale, hakuna aliyeondoka nao. Mazoezi na rafiki si hasara.

Jogoo la Mjini:
Jirani, na Januari 2020 pale pale Manda ilikuwaje? Al-Shabaab waliingia alfajiri, Wamarekani 3 wakafa, ndege zikaungua. Siku hiyo mafunzo yalikuwa likizo?

Halafu msijifanye wa kwanza. Machi 2008 JWTZ na Wasudani walishuka Nzuani kule Komoro, Kikwete akiwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika. Kanali Bacar, aliyekuwa ameasi na kukishika kisiwa, akakimbilia Mayotte kwa boti. Miaka minne kabla yenu!

Mkaazi wa Lamu:
Bacar alikuwa na vijana mia kadhaa waliokuwa wakitafuta njia ya kutoroka. Usinilinganishie na Shabaab.

Jogoo la Mjini:
Njia ya kutoroka unaitafuta ukishaona kinachokuja.

Mzee wa Lugalo:
Vijana punguzeni jazba. Nimjibu mleta mada, maana naona mmemtelekeza. Januari 25, 1964, baada ya maasi ya jeshi, makomando wa Uingereza walitua Colito, ambayo leo ni Lugalo, kwa helikopta kutoka manowari Centaur. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyewaita, na hakufurahia kuwaita. Hakuna aliyepima mchanga. Anayetaka kuja atapita juu, kwa hiyo daftari lako lisikukoseshe usingizi.

Ngalawa Mbovu:
Shikamoo mzee. Walioasi walikuwa kambini, na serikali ndiyo iliyomkaribisha mgeni. Mimi nazungumzia asiyekaribishwa. Huyo vifaru na malori atavipitisha mchangani tu, na mchanga anao kwenye daftari.

Na kuna jambo dogo kwenu, kubwa kwetu. Kukiwa na zoezi sisi wavuvi tunaambiwa tu tusogee. Mara ya mwisho nilikuwa na nyavu ndani ya maji, kijana mmoja kwenye boti ananipungia mkono niondoke, haniambii hadi lini. Bamvua lote likapita. Nimefidiwa na nani?

Jogoo la Mjini:
Ulinzi wa nchi unaulinganisha na vibua?

Ngalawa Mbovu:
Wewe unakula nini?

Jogoo la Mjini:
Tusitoke nje ya mada. Tanga Mjerumani alishinda kwa nidhamu, nasi ndicho tunachokosa. Ndiyo maana tunahitaji mazoezi.

Bi Mkubwa Chumbageni:
Mjerumani yupi? Maofisa walikuwa wachache, walioshika bunduki wengi walikuwa askari weusi. Weusi wakishinda ni Mjerumani, wakishindwa ni Waafrika?

Mngoni Asili:
Dada, kwa heshima zote, askari wa namna hiyo hiyo ndio waliochoma maghala ya chakula huku kwetu wakati wa Majimaji, watu wakafa njaa. Miaka 7 tu kabla ya hiyo Tanga yenu. Mimi siwapigii makofi.

Bi Mkubwa Chumbageni:
Sikusema uwapigie makofi. Nimesema wahesabiwe.

Msukuma wa Ziwani:
Walihesabiwa kiasi. 1964, mwaka aliofariki von Lettow, bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha wale askari wazee walipwe malimbikizo ya mishahara yao. Huku Mwanza wanasimulia kwamba asiye na karatasi alipewa mpini wa ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani kama yuko gwarideni. Aliyeifuata amri alilipwa.

Mzee wa Lugalo:
Na wapagazi? Vita ile iliua wapagazi wengi kuliko askari, kwa njaa na kuhara. Hao mpini wa ufagio ungewasaidia nini?

Kamanda wa Sofa:
Subirini kwanza. Babu wa Handeni alikuwa mpagazi. Mwenye anwani ya ubalozi wa Ujerumani aje PM haraka.