Mnageuza kiwanja cha Mbeya kuwa ua wa hoteli halafu mnatuambia ni maendeleo ya michezo!

Wakuu, nimevumilia nimeshindwa. Mlioko Mbeya mtakuwa mmeshaliona lile bango kwenye ukuta wa kiwanja: jukwaa jipya lenye paa, viti vya rangi, na nyuma yake hoteli ya ghorofa. Watu wanapiga picha, wanarushiana, wanaandika jiji linapendeza. Kabla hamjapongeza, naomba mlisogelee. Mimi nimelisoma kona kwa kona na hasira niliyotoka nayo pale haijaisha.

Tazameni magoli. Leo moja liko kaskazini na jingine kusini, jinsi viwanja vinavyotakiwa kukaa, ili jua la jioni lisimpige mchezaji usoni. Kwenye mchoro yamehamishwa, moja mashariki, jingine magharibi. Upande wa kaskazini, ule unaotazama barabara, umepewa hoteli na maegesho ya magari. Urefu uliobaki hautoshi zile mita 105 za uwanja wa mpira, basi wakaulaza. Mechi zetu zinaanza saa 10 jioni. Kipa atakayekaa goli la mashariki kipindi cha pili atadaka huku anaangaliana na jua. Mtu yeyote aliyecheza hata mchangani asingechora hivyo! Aliyechora alianza na hoteli, uwanja akauweka panapobaki.

Na kwa kuwa umelazwa, umekula vyote vilivyokuwa pembeni. Njia za kukimbilia hazipo. Zile ambazo walimu wetu huzichora upya kwa chokaa kila michezo ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, inapokaribia, mita 400 kuzunguka, zimefutika kabisa. Nimetafuta mahali pa kuruka chini, hakuna. Kiwanja cha netiboli kiko wapi? Pale kilipo leo mchoro umeweka bwawa la kuogelea la wageni wa hoteli. Wasichana wa sekondari wanaofanya mazoezi pale jioni waende wapi, wakakimbie barabarani kwenye malori ya Tunduma?

Ule ukingo wa udongo upande wa mashariki, mzunguko wetu watazamaji, nao umesawazishwa. Kule ndiko anakokaa bodaboda, muuza viazi wa Uyole, fundi na watoto wake. Unakaa kwenye majani, unanunua karanga za mama aliyekaa na beseni lake pale kwenye ngazi za mawe, kahawa inapita, ngoma inapigwa dakika tisini. Jukwaa jipya ni la viti, na viti vina bei. Halafu juu ya jukwaa hilo kuna madirisha ya vyumba vya kulala. Mwenye hoteli atavumilia ngoma na mavuvuzela kwa msimu mmoja tu, baadaye ataandika barua, na sote tunajua ni nani atakayeambiwa anyamaze kati ya mgeni aliyelipia chumba na shabiki wa mzunguko.

Najua majibu yanayokuja. "Unapinga maendeleo." Jukwaa tunalitaka! Tunalihitaji kuliko watu wa Dar, maana mvua za huku zikianza Novemba zinakwenda mpaka Aprili na tunaangalia mpira tumejifunika mifuko ya nailoni. Jengeni jukwaa, wekeni paa, tengenezeni mitaro, wekeni vyoo ambavyo mama mtu mzima anaweza kuingia. Ila hoteli haina sababu hata moja ya kukaa ndani ya kiwanja. Mtu atasema AFCON 2027. AFCON hiyo tunaandaa pamoja na Kenya na Uganda, na uwanja mpya uliopangwa kwa ajili yake uko Arusha. Hapa Mbeya msitufunge macho kwa jina la AFCON.

Mwingine atasema hoteli ndiyo italipia jukwaa. Sawa, tuonyesheni hesabu. Mwekezaji analipa nini kwa mwaka, anakaa miaka mingapi, mapato ya mlangoni ni ya nani, na akishindwa kumaliza tunabaki na nini? Nimekwenda kuuliza, nikaambiwa mkataba si wa kila mtu. Si wa kila mtu vipi wakati kiwanja ni cha kila mtu? Wazee wetu walikilima kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kujitolea. Marehemu baba alikuwa akinionyesha ukuta wa mawe waliobeba wao wenyewe kutoka korongoni, hakuna aliyelipwa. Viwanja vingi vya mikoani vilijengwa hivyo, kwa michango na jasho la wananchi enzi za chama kimoja, na leo anayeuliza habari zake anaonekana mchochezi.

Sheria zipo. Kubadili matumizi ya eneo kuna taratibu zake chini ya Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini ya athari na wanaoguswa wasikilizwe. Sisi tunaopakana na kiwanja hatujaitwa kwenye kikao chochote. Mwenyekiti wetu wa mtaa naye ameliona bango siku moja na sisi.

Na Mbeya tusijifanye wageni wa mambo haya. Soko la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006. Tukaahidiwa soko la kisasa, likachukua miaka, na lilipokamilika wafanyabiashara wengi wadogo walilalamika kodi hawaiwezi, vizimba vikakaa wazi. Jengo zuri lilisimama, mama ntilie na muuza mitumba wakabaki barabarani. Wale wanaoshangilia bango leo wengi wao walilalamika na sisi kuhusu Mwanjelwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mkoa huu umetoa mpira. Tukuyu Stars walitoka Rungwe wakachukua ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara mwaka 1986, ndiyo kwanza wamepanda daraja. Mbeya City walipanda, na msimu wao wa kwanza, 2013/14, wakamaliza wa tatu nyuma ya Azam na Yanga, uwanja wa Sokoine ukajaa zambarau, rangi yao, hadi kwenye miti. Wachezaji wa namna ile wanaanzia kwenye viwanja kama hiki, Jumamosi asubuhi, watoto hamsini na mipira mitatu na kocha asiyelipwa. Hoteli ikijengwa wale watoto hawana pa kwenda. Kiwanja cha shule ya msingi ya jirani kilishaliwa na maduka.

Tunachotaka ni mchoro wenye vipimo ubandikwe ofisi ya mtaa, mkataba usomwe hadharani mbele ya wananchi, na hoteli itafutiwe eneo jingine. Mpaka hapo asiguse mtu zile njia za kukimbilia.

Nyongeza: kuna mkuu ameniuliza faragha kama mabati ya kuzungushia yameshaletwa. Yameshaletwa, yamelazwa upande wa barabara. Mwenye picha ya bango inayosomeka vizuri, hasa ile kona ya chini yenye tarehe na jina la mchoraji, aiweke hapa. Na kama kuna mwanasheria wa ardhi humu yuko Mbeya, tunakuomba, mkuu, tuandikie barua ya pingamizi, sisi majirani tutasaini.