Gari inachemsha kwenye foleni tu, barabara kubwa iko poa. Nianzie wapi?

mtu_wa_mbagala
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada. Nina Corolla AE110 ya 1998 injini ya 5A, ikikaa foleni ya Mbagala kama dakika 20 mshale wa temperecha unapanda mpaka karibu na nyekundu, nikianza kutembea unashuka wenyewe, na juzi nimeenda nayo Chalinze nikarudi haijasumbua kabisa. Fundi kasema gasketi ya silinda hedi (ile inayoziba kati ya hedi na bloku) imekufa, tufungue injini, hela hiyo sina na gari ndo inapeleka watoto shule.

spana_12
Usifungue kitu mkuu. Ukitembea upepo unapita wenyewe kwenye rejeta, ukisimama inategemea feni, kwa hiyo anza na feni. Injini ikiwa baridi weka swichi on usiwashe, chomoa soketi ya swichi ya feni pale karibu na themostati (vali inayoruhusu maji yapite rejeta injini ikipata moto). Hizi Toyota za zamani ukichomoa hiyo feni inatakiwa izunguke, kwa hiyo weka vidole mbali. Ikinyamaza kagua fyuzi, kisha rilei (kile kiboksi kinachowasha na kuzima umeme wa feni), halafu ipe mota ya feni waya mbili moja kwa moja toka betri.

binti_fundi
Na gasketi kaka ina dalili zake bwana, maji yanapungua huoni yanapovuja, moshi mweupe hauishi hata injini ikishapata moto, oili ukifungua mfuniko imekuwa kama chai ya maziwa. Huna hizo usikubali haraka. Na nakuomba sana usifungue rejeta ikiwa ya moto, mdogo wangu aliungua kifua kizima.

mdau_mbeya
Hakikisha na themostati ipo, mafundi wengi wanaitoa wanasema nchi ya joto haina kazi. Yangu ilitolewa, kwenye injini hizi ile njia ya pembeni inabaki wazi, maji mengine yanazunguka bila kupita rejeta. Nilinunua mpya nikaining'iniza kwa uzi kwenye sufuria ya maji jikoni, maji hayajachemka bado nikaiona inafunguka taratibu, ndo nikaifunga. Halafu weka kulenti (maji maalum ya rejeta), achana na maji ya bomba yanaleta kutu, na mfuniko wa rejeta uwe mzima, ndo unabana presha maji yasichemke mapema, maana huku kwetu mita 1,700 hivi maji matupu yanachemka kwenye nyuzi kama 94 tu.

mtu_wa_mbagala
Jamani nimerudi. Oili safi, moshi hamna, themostati ipo. Nimechomoa soketi, kimya. Fyuzi nzima, rilei nimeazima inayofanana humo humo kwenye boksi, kimya. Nimeipa mota betri ikazunguka nusu ikakwama, nikaigonga mgongoni na mpini wa bisibisi ikaondoka kwa kasi!!

spana_12
Brashi zimeisha hizo, vile vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani ya mota. Tafuta mota ya mtumba, ijaribu kwa betri hapo hapo dukani kabla hujatoa hela. Mpaka uifunge watoto wapande daladala, usiingie nayo foleni.