Tupeane uzoefu: Filamu ya mazombi au wanyonya damu ya bajeti ndogo iliyokushika

Mkanda_wa_Zamani
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mpenzi wa filamu za kutisha tangu enzi za deki na mikanda. Nikizipitia kichwani zile zilizoninyima usingizi, karibu zote zilitengenezwa na watu wenye mifuko mitupu. Hizi za mamilioni ya dola, zombi kachorwa kwa kompyuta mpaka mishipa inahesabika, nazitazama huku nakula na nikimaliza nalala fofofo. Naomba tupeane uzoefu: ipi ilikushika, uliionea wapi, na ni kitu gani hasa kilikufanya uamini? Tusitaje majina tu, tusimuliane.

Naanza. Yangu ni Night of the Living Dead ya 1968: wafu wanafufuka kula watu, na wachache walio hai wanajifungia kwenye nyumba ya shambani. George Romero na wenzake walikuwa vijana wa Pittsburgh, kazi yao kutengeneza matangazo ya televisheni. Wakachangishana, wakawazungukia marafiki, mwisho ikapatikana kama dola 114,000. Ile nyumba ya shambani ilikuwa inasubiri kubomolewa, ndiyo maana waliweza kuvunja na kupigilia mbao madirishani bila mtu kuwadai. Damu ni shira ya chokoleti. Picha ni nyeusi na nyeupe, nani atajua? Mwenye bucha mmoja aliyetia fedha zake akaleta na matumbo.

Lakini kilichonishika si matumbo. Ni Ben, aliyeigizwa na Duane Jones: mtu mweusi anayetoa amri ndani ya nyumba ya wazungu walioingiwa na kiwewe, Marekani, mwaka uleule aliouawa Martin Luther King. Anapambana usiku kucha na anabaki hai. Asubuhi wanakuja watu wenye bunduki, eti waokoaji, wanamwona dirishani na kumlenga kichwa kwa mbali wakidhani ni mmoja wa wafu. Halafu zinafuata picha za mgando kama za gazeti, wanamkokota kwa ndoano za nyama. Hapo hapakuhitaji fedha yoyote, na hakuna zombi aliyewahi kunitisha kuliko wale watu. Karibuni.

Binti_Chumbageni
Asante mleta uzi. Mimi nimekulia Tanga, na kwetu filamu za kutisha zilikuwa za Kihindi. Shangazi alikuwa na deki, Ijumaa usiku watoto wa mtaa mzima tumejaa mkekani. Iliyonimaliza ni Bandh Darwaza ya 1990, ya ndugu wa Ramsay wa Bombay. Hawa walikuwa ndugu saba na baba yao, kazi wamegawana: huyu anaongoza, yule kashika kamera, mwingine sauti, mwingine kuhariri. Wakubwa wa sinema za India hawakuwa wakiwahesabu, wao wakapiga kazi yao hivyohivyo na watu wakajaa kumbini.

Mnyonya damu wao anaitwa Neola, kaigizwa na Ajay Agarwal. Jitu refu kweli, macho mekundu, joho jeusi. Hahitaji kufanya kitu. Anasimama tu mlangoni na mlango wote unajaa. Nilipokua ndipo nilipoona kwamba walikuwa wameupata mwili wa kutisha, basi wakaacha kutafuta vitu vingine.

Nikimaliza kutazama nilikuwa namkimbilia bibi, na bibi alikuwa ananiongezea. Yeye meno marefu hayakumwingia akilini hata kidogo. Mnyonya damu wake alikuwa mumiani: mtu wa kawaida, ana gari, ana sindano, anakamata anayetembea peke yake usiku na damu inakwenda kutengenezewa dawa. Alisema enzi za mkoloni watu walikuwa wanawahofia wazimamoto wenyewe na magari yao mekundu. Mpaka leo nasubiri mtu wa pwani aitengeneze filamu hiyo. Joho halihitajiki. Gari limezimwa taa kwenye barabara ya mchanga linatosha kabisa.

Msafiri_Kimya
Dada hapo kwenye gari lililozimwa taa nimesisimka. Kwetu bara tulikuwa tunaambiwa chinjachinja, habari ni ileile. Naendelea kusoma.

Nakuru_Boy
Sasa wadau. Mimi ni wa Nakuru, na yangu ni Mr. Vampire ya Hong Kong, 1985. Video show ya mtaa, mabenchi ya mbao, na DJ anatusimulia juu ya sauti ya Kichina. Mle maiti amevaa joho la maafisa wa zamani wa China, mikono ameinyoosha mbele, na haezi kutembea, anaruka tu miguu yote pamoja. Anakutafuta kwa pumzi yako. Ukibana pumzi, anakupita. Ukimbandika karatasi ya manjano yenye maandishi kwenye paji la uso, anasimama tuli.

Wacha niwaambie, ukumbi mzima ulikuwa unabana pumzi. Watoto, wazee, hata yule wa kukusanya pesa mlangoni. Kwa screen mtu ameziba pua, na sisi tumeziba. Sijawahi ona filamu nyingine inaingia mwilini mwa watu hivyo. Na kuna ile sehemu ya mchele: sumu ya maiti inatolewa na mchele wa kunata, lakini muuza duka anachanganya na mchele wa kawaida ili apate faida, karibu mtu afe kwa hiyo tamaa. Mama yangu aliuza nafaka sokoni, na hiyo scene alikasirika nayo wiki nzima.

Mkanda_wa_Zamani
Nakuru_Boy, simulizi yako naipenda sana, ila kwa bajeti hiyo haikuwa ya wanyonge. Mtayarishaji alikuwa Sammo Hung na studio nyuma yake, na wale wapiganaji si wa kuokota. Naiacha uzini kwa sababu moja: kubana pumzi ni mbinu ya bure. Yeyote mwenye kamera ya simu anaweza kuitumia kesho.

Nakuru_Boy
Sawa mkubwa, nimekubali. Lakini hiyo karatasi ya manjano pia ni bei ya daftari.

Mwana_Shinyanga
Wakuu, mimi nawarudisha nyuma zaidi. White Zombie, 1932, ya ndugu wawili wa Halperin, na mwigizaji Bela Lugosi ndani. Waliimaliza kwa siku kama kumi na moja, wakatumia majengo yaliyokuwa yamebaki studio kutoka filamu za wengine. Kisa kiko Haiti, na wakati huo majeshi ya Marekani yalikuwa bado yanaikalia nchi hiyo, yaliingia 1915 na kuondoka 1934.

Kuna kinu cha miwa mle. Wafu wanazungusha gurudumu kubwa la mbao, usiku, bila neno, mbao tu zinalia. Mmoja anajikwaa anaangukia ndani ya kinu. Wenzake hawageuki. Wanaendelea kusukuma.

Mimi nilipoona pale nilisimamisha filamu. Nimekulia kwenye habari za misukule. Tulikuwa tunaambiwa fulani hakufa, amechukuliwa, analima shamba la mtu usiku, analishwa pumba, ulimi umekatwa asiseme. Shamba likistawi kupita ya majirani, watu wananong'ona. Zombi wa Haiti ni huyohuyo. Hali mtu wala hakimbizi mtu. Yeye ndiye aliyeibiwa, na hata kifo hakikumpa mapumziko. Watu waliotoka utumwani kwenye mashamba ya miwa walijua wanachokiogopa. Huyu zombi mla nyama aliyemleta Romero ni mwingine kabisa, na kwangu anatisha kidogo sana ukimlinganisha na yule wa kinu.

Ombi langu kwa wanaotengeneza filamu hapa nyumbani: msukule asiwe mtu wa kuruka kichakani akipiga kelele. Muonyesheni akilima. Mama yake apite njiani asimtambue.

Fundi_Taa
Mwana_Shinyanga umegusa mkate wangu. Nimefanya kazi za taa na mekapu kwenye Bongo Movie kwa muda mrefu, hizo za kutisha nimezishiriki, niacheni niseme kwa urefu.

Kwanza heshima kwa mwongozaji Mussa Banzi. Filamu zake Nsyuka na Shumileta zilitoka miaka ya 2000 wakati wengi wanapiga filamu za mapenzi sebuleni, yeye akaleta wafu na majini, kwa kamera za video na vifaa vya kuazima. Watu walizitazama wakiwa wamejifunika kanga. Anayezicheka leo kwa sababu ya ubora wa picha hajui zilipigwaje.

Pili, mambo ya kazi, labda kuna kijana anayetaka kujaribu. Damu: shira nzito ya sukari, rangi nyekundu ya chakula, na kakao kidogo. Bila kakao inaonekana kama juisi, na kwenye taa ya jenereta inang'aa vibaya. Jeraha: gundi nyeupe ya karatasi na tishu, tabaka kwa tabaka, ukikauka unapasua katikati kwa kijiti na kujaza damu. Jaribu kwanza mkononi mwa mwigizaji, kuna ngozi haziipokei. Maiti wa siku nyingi: majivu yaliyochekechwa na unga wa muhogo, kisha mafuta kidogo chini ya macho ili paonekane pamelowa. Tulipopiga filamu ya msukule kule mkoa wa Pwani tuliona jasho linaibomoa sura yote kabla ya saa nne asubuhi, ndipo picha za sura kwa karibu tukazihamishia alfajiri, na umande ukatupa mwanga ambao hakuna taa yetu ingeutoa.

Filamu yenyewe iliyonishika ni One Cut of the Dead ya Japani, ya Shinichiro Ueda, 2017. Yen milioni tatu, waigizaji ni watu wa warsha ya uigizaji, majina hawana. Dakika 37 za mwanzo kamera haikatwi hata mara moja. Unaona mambo ya ajabu: mtu anakaa kimya muda mrefu mno, zombi anasubiri bila sababu, damu inarukia lenzi na mkono unapita kuifuta. Unafikiri ni uzembe. Nusu ya pili inakupeleka nyuma ya kamera, na kila kasoro uliyoiona ilikuwa mtu akiokoa kazi isife. Mmoja yuko chini anarusha kiungo, mwingine anamshikilia mlevi asianguke, wote wanahema. Yale ya lenzi hayakupangwa, yalitokea kweli. Ilianza kumbi mbili tu mwaka 2018, ikaja kuingiza zaidi ya yen bilioni tatu.

Nililia, wakuu. Katika maisha yangu yote ya kushika taa, hiyo ndiyo filamu pekee iliyotuonyesha sisi tusioonekana.

Msafiri_Kimya
Fundi, asante kwa hayo ya kakao. Mimi naongeza fupi: Colin, Uingereza, 2008, ya Marc Price. Pauni 45. Kamera ya mkononi ya kawaida, mekapu watu walijitolea, na kisa kizima tunamfuata zombi mwenyewe tangu alipong'atwa. Giza jingi na picha inatikisika mno, sikuipenda yote, lakini anapofikishwa mbele ya mama yake mwenyewe nilielewa kwa nini ilifika mpaka Cannes, kwenye maonyesho makubwa ya filamu kule Ufaransa.

Kasongo_Diaspora
Habari zenu ndugu. Mimi ni Mkongomani wa Lubumbashi, ninaishi Pittsburgh. Hayo makaburi ya mwanzo wa filamu ya mleta uzi yako Evans City, karibu saa moja kwa gari kutoka kwangu. Nilienda na watoto. Ni makaburi ya kweli, familia zinaleta maua, na kikanisa kidogo kinachoonekana kwenye filamu bado kimesimama. Kitu kimoja mkijue: filamu ilikuwa na jina lingine, na msambazaji alipobadilisha jina kwenye picha za mwanzo, maandishi ya hakimiliki yakaachwa. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, haki ikapotea palepale. Romero na wenzake walikosa fedha nyingi sana kwa hiyo.

Mkanda_wa_Zamani
Ndugu Kasongo, ndiyo maana iko mtandaoni bure na ndiyo maana nilitaka kuifikisha hapo. Ni miongoni mwa filamu chache kubwa ambazo kibanda umiza chochote kinaweza kuionyesha na kuisimulia kwa Kiswahili bila kuiba kwa mtu. Nimeshatafsiri mazungumzo ya pale makaburini mpaka yule dada Barbara anapofika kwenye nyumba. Fundi_Taa, kuna studio ya sauti unayoijua isiyo ghali? Na Nakuru_Boy, yule DJ wenu bado anafanya kazi?