Leza ya tumbo au ile ya kugandisha mafuta, nichukue ipi?

mama_matooke
Wapendwa habari. Kuna kliniki hapa Kampala wana leza ya kuyeyusha mafuta bila kisu, pia ile ya kugandisha kwa baridi. Nataka kulipa wiki hii, ipi bora? Kwanjula, sherehe yangu ya utambulisho, inakaribia.

boda_wa_Kisaasi
Umri? Uzito? Ushazaa? Kwanjula lini? Tukujibu nini sasa nyabo

nesi_Mbale
Na hicho kitambi kinashikika kwa vidole au ni kigumu kama ngoma? Zote mbili zinagusa mafuta ya chini ya ngozi tu, yale ya ndani yanayozunguka matumbo hazifiki. Leza kama SculpSure inapasha mafuta nyuzi 42 hadi 47 kwa dakika 25 hivi, baadaye mwili unayatoa polepole, mpaka wiki 12. Sherehe ikiwa mwezi ujao umechelewa.

mama_matooke
Kinashikika, na mbavuni pia. Uzito sitaji hapa 😂

kisu_sitaki
Baridi! CoolSculpting Marekani waliipitisha 2010, SculpSure 2015. Nafuata iliyotangulia.

mtoto_wa_Jinja
Baridi hiyo hiyo iliyomharibu yule mwanamitindo Linda Evangelista? Alisema mwenyewe 2021, mafuta badala ya kupungua yakaota yakawa magumu. Ni nadra sawa, ila ikikupata unaishia kisuni. Halafu mwanga wa leza hiyo, wa 1060 nanomita, haunaswi sana na weusi wa ngozi, kwetu sisi afadhali.

dada_Ntinda
Afadhali kama ni leza kweli. Dada yangu saluni moja walimwambia leza kumbe mkanda tu wa taa nyekundu, binti anayeendesha yuko TikTok, dada analia inachoma anaambiwa vumilia mafuta yanayeyuka, stima ikakatika ikarudi mkanda ukawaka kama pasi, akatoka na malengelenge, leo ana baka jeusi kiunoni na kitambi kiko palepale. Akienda kudai hela, meneja amesafiri. Kila siku amesafiri!!

nesi_Mbale
Ndio maana uliza jina la mashine na daktari ni nani. Wakishindwa kujibu ondoka.

boda_wa_Kisaasi
Mnahangaika bure, gomesi, lile gauni pana la Buganda, inaficha kila kitu

kisu_sitaki
Nani kakwambia ni wa Buganda? Labda atavaa mushanana ya Kinyankole, ile haifichi mabega

boda_wa_Kisaasi
Kasema kwanjula, si kuhingira, sherehe ya Wanyankole. Na kitambi kiko mabegani?

mama_matooke
Ni gomesi jamani. Fundi mzuri soko la Owino mnamjua?