Ushauri wenu wakuu: nimuache mchezaji wangu nihamie begi lingine, au nivumilie?

Mbeba Begi (mleta mada)

Habari za muda huu wakuu. Mimi ni kedi kwenye gofu ya kulipwa ya wanawake, huu ni msimu wangu wa nne barabarani. Kwa wasioujua mchezo, kedi ni yule anayetembea na begi la fimbo kando ya mchezaji, ila kubeba ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Jua halijachomoza niko uwanjani peke yangu na kitabu cha yadi (cha vipimo vya umbali), nahesabu hatua kutoka kwenye kichwa cha bomba la kumwagilia hadi ukingo wa grini, yale majani mafupi yenye shimo. Narudi, nafuta fimbo, nalowanisha nusu ya taulo na kuacha nusu kavu, ndipo mchezaji anaamka.

Nauli yangu, chumba changu, chakula changu. Yeye ananipa posho ya wiki pamoja na asilimia ya zawadi: 5 akipita mchujo (katikati ya mashindano walio nyuma hurudishwa nyumbani), 7 akiingia kumi bora, 10 akichukua kombe. Asipopita mchujo hakuna asilimia, na posho imeshaliwa na ndege.

Mchezaji wangu ni mtu mwema, hajawahi kunipandishia sauti. Tatizo matokeo yake ya kupanda na kushuka. Sasa meneja wa mchezaji mwingine aliye juu kwenye msimamo amenitafuta. Roho inasita. Niende au nibaki? Na nikienda nimwambieje? Usiku sipati usingizi.

Tarumbeta

Hili nalo la kuomba ushauri? Fuata hela mkuu. Mwaka 2024 Nelly Korda alishinda mashindano 5 mfululizo aliyoingia. Mwaka huohuo bingwa wa fainali ya msimu ya LPGA, mzunguko wa wanawake wa Marekani, Jeeno Thitikul, aliondoka na dola milioni 4. Toa asilimia 10 hapo. Wewe unaongelea roho!

dadaWembe

Swali langu ni moja tu: una familia? Wiki thelathini hotelini, nani anakupokea ukirudi? Shemeji yangu alikuwa baharia, mtoto wake alimwamkia "shikamoo mjomba". Kabla ya kuchagua begi, jiulize mtoto anakuitaje.

Mzee wa Nyasi

Nimebeba begi miaka kadhaa kwenye mzunguko wa Ulaya wa wanawake, kwa hiyo nasema kitu ninachokijua. Kuhama si dhambi, makedi wanahama kila mwezi. Wengine hata mwisho wa raundi hausubiriwi. US Women's Open ya 2013, Jessica Korda alimfuta kazi kedi wake katikati ya raundi ya tatu, akamwita mpenzi wake aliyekuwa anamfuatilia pembeni avae kizibao cha kedi abebe begi mashimo tisa yaliyobaki. Na akacheza vizuri tu.

Enzi zetu tulilala wanne chumba cha vitanda viwili. Aliyebebea mchezaji aliyeshindwa mchujo ndiye aliyelala chini, ilikuwa sheria. Mimi nilijuana sana na zulia. Halafu likaja la 2019. Kabla ya hapo kwenye gofu ya wanawake ulikuwa unasimama nyuma ya mchezaji unamwambia "kushoto kidogo, hapo hapo" mpaka miguu yake imenyooka na lengo. Kanuni ikabadilika, akishaanza kupanga miguu wewe usionekane kwenye mstari nyuma ya mpira. Mchezaji wangu alikuwa amezoea macho yangu miaka mitatu. Tulianza msimu kama mtu aliyenyang'anywa mkongojo. Ndipo nikajua kwamba alikuwa hanipendi mimi, alikuwa anapenda mstari.

Nimetoka nje ya mada, samahani. Nenda.

Kalamu Nyekundu

Mleta mada, soma ulichoandika. Ofa nzuri, mchezaji mwema, kuhama ni kawaida kwenu. Sasa usingizi unakutoka kwa lipi? Kuna kitu umekiruka.

Mbeba Begi

@Kalamu Nyekundu hakuna mkuu, ni uaminifu tu. Alinichukua nikiwa sina jina. Naona kama namsaliti.

Tarumbeta

Au mnapendana? Funguka, hapa hakuna anayekujua 😂

Mbeba Begi

Hapana jamani. Ana mchumba wake, ni rafiki yangu.

Kalamu Nyekundu

Hujajibu bado. Lini ulianza kukosa usingizi, kabla ya meneja kukutafuta au baada?

Mbeba Begi

Kabla.

Sawa, ngoja niseme. Wiki tatu zilizopita alikuwa anajaribu weji mpya ya digrii 56, fimbo ya mapigo mafupi, kwenye uwanja wa mazoezi. Mvua ikashuka ghafla, nikasomba kila kitu nikaweka begini, nikafunga kofia ya mvua juu. Kwenye tii ya kwanza, pale raundi inapoanzia, huwa nahesabu fimbo kwa vidole, kichwa kimoja kimoja, kabla jina lake halijatangazwa. Siku ile nilihesabu kupitia ile kofia. Nikapata 14.

Shimo la 16 kati ya 18 mvua imekata, nikafungua begi kutafuta taulo. Digrii 56 ziko mbili. Ya zamani imesimama mahali pake, mpya imezama chini yake, ina tope la uwanja wa mazoezi.

Sikusema. Nikaivika soksi ya fimbo nyingine nikaendelea kutembea. Alipita mchujo kwa mkwaju mmoja, yaani pigo moja tu. Jumapili akamaliza vizuri, nikalipwa asilimia yangu.

dadaWembe

Ee Mungu wangu.

Chongo wa Pili

Kwa sisi tusiojua, fimbo moja ya ziada ni kosa gani? Si hakuitumia?

Mzee wa Nyasi

Kuitumia si hoja. Mwisho ni fimbo 14. Ukianza raundi na 15 unaongezewa mikwaju 2 ya adhabu (na kwenye gofu mwenye mikwaju michache ndiye mshindi) kwa kila shimo ulilocheza nazo, isizidi 4 kwa raundi. Yaani yule dada alitakiwa kufunga virago siku ileile.

Ilimtokea Ian Woosnam, British Open ya 2001 pale Royal Lytham, siku ya mwisho, yuko kileleni. Wamefika tii ya pili, kedi anamwambia kuna drava mbili, zile fimbo za kupigia mbali, kwa hiyo jumla ni 15. Mikwaju 2, akamaliza wa tatu kwa kufungana na wenzake. Kedi hakufukuzwa! Alifukuzwa wiki mbili baadaye kwa kuchelewa kuamka. Alisamehewa fimbo, akaponzwa na shuka. Lakini zingatia: yule ALISEMA.

Tarumbeta

Kwa hiyo alipoteza mamia ya maelfu ya pauni ya bosi wake kwa kuwa mkweli. Hapo fundisho ni nini sasa?

Mbeba Begi

Naomba mnielewe. Sikunyamaza kwa ajili ya hela. Alikuwa anahitaji pointi ile wiki ili kadi yake ya msimu ujao, yaani nafasi yake kwenye mzunguko, isiwe mashakani. Kosa ni langu, kwa nini aadhibiwe yeye? Na angejua angejiripoti mwenyewe, ndivyo alivyo. Nilikuwa namlinda. Nikiondoka kimya kimya sasa anabaki salama, na mimi siendelei kumtazama usoni kila asubuhi. Ndiyo maana nauliza habari ya kuhama.

Kalamu Nyekundu

Meneja wa yule mwingine ulimjibu nini?

Mbeba Begi

Nilimwambia nafikiria.

Kalamu Nyekundu

Mkuu.

Mbeba Begi

Nimekubali. Tunaanza baada ya mashindano ya wiki hii. Lakini bado sijasaini kitu.

dadaWembe

Kedi kwani anasaini? Neno lako ndiyo saini. Umekuja kutuomba baraka, si ushauri. Na mimi kama mzazi nakwambia, uongo unaoufunika kwa huruma ndio unaooza haraka. Mwambie.

Sihaba

Samahani wakuu, hii ni chai na sukari imezidi. Mashindano ya wanawake mengi ni siku nne, Alhamisi mpaka Jumapili, mchujo unatoka Ijumaa jioni. Huyu anasema mvua, uwanja wa mazoezi, shimo la 16, hata siku ya mchujo hasemi, anarukia Jumapili. Pia kwenye kundi kuna makedi wengine, wachezaji wenzake, mtu wa alama. Wote hawakuona fimbo 15? Na amejiunga jukwaani mwezi huu. Hadithi imepangwa vizuri mno.

Tarumbeta

😂😂 Nilikuwa nimeshaanza kumwonea huruma. Mleta mada leta picha ya weji.

Chongo wa Pili

Mimi chai nakunywa hivyohivyo, tatizo lenu nini. Endelea mkuu, ikawaje?

Mbeba Begi

@Sihaba ilikuwa raundi ya pili. Radi zilisimamisha mchezo Ijumaa, king'ora kikalia mara mbili, tukamalizia mashimo matano Jumamosi asubuhi. Shimo la 16 tulicheza Jumamosi, mchujo ukatoka karibu saa sita. Na hakuna anayehesabu begi la mwenzake, kila mtu ana lake la kufuta. Mwaka wala jina la mashindano siandiki, dunia hii ni ndogo. Asiyeamini asiamini.

Mzee wa Nyasi

Hapo kwenye begi la mwenzako yuko sahihi. Katika miaka yote ile sijawahi kuhesabu fimbo za mtu. Unaangalia hatua zako tu, na unaomba usikanyage mstari wa mpira wa mtu kwenye grini.

Ila mdogo wangu, kuna jambo nadhani hujalisoma, au umelisoma ukaamua kulisahau. Mchezaji akirudisha kadi ya alama bila mikwaju ya adhabu ambayo hakuijua, haondolewi, anaongezewa tu hiyo mikwaju. Na mashindano yakishafungwa, hata kuongezewa hakupo. Kanuni inauliza YEYE alijua nini, na yeye hakujua. Mashindano yako yalifungwa wiki tatu zilizopita. Pointi zake hazigusiki, kadi yake haigusiki. Jumamosi ile kusema kungemgharimu yeye. Leo kunakugharimu wewe peke yako. Kwa hiyo neno "namlinda" liweke pembeni.

Sihaba

Bado nasema chai. Ila huyu mzee ameimaliza vizuri.

Tarumbeta

Na yule mwajiri mpya akisikia? Kedi anayeficha fimbo nani atampa begi? Kaa kimya mkuu, hela ziko mbele. Mzee anakutafutia njaa.

dadaWembe

Na kesho atamficha nini huyo mpya? @Mbeba Begi uko wapi?

Chongo wa Pili

Mrejesho jamani.

Kalamu Nyekundu

Saa sita zimepita, yuko kimya. Ama anaongea naye, ama yuko ndegeni.

Chongo wa Pili

Wakati tunamsubiri, @Mzee wa Nyasi mtu anaanzaje kazi hii? Nina miguu mizuri na sina familia.

Mzee wa Nyasi

Nenda uwanja wenye mashindano Jumatatu, simama kwenye maegesho ya magari, msalimie kila anayeshusha begi peke yake. Usijifanye unajua grini. Beba maji ya ziada.

Mbeba Begi

Nipo. Nilimfuata kwenye uwanja wa mazoezi jioni hii, alikuwa anapiga pati, yale mapigo ya kusukuma mpira shimoni, za hatua mbili. Nilipofika akaninyooshea mpira nifute, kama kawaida. Nikaufuta. Nikamwambia kesho tii ni saa mbili kasoro dakika kumi, nikaondoka.

Weji ninayo. Iko kwenye sanduku langu, nimeizungushia suruali ya mvua. Inadaiwa na ile kampuni ya fimbo iliyomwazima, na yeye ameniuliza mara mbili kama nimeiona.

Kalamu Nyekundu

Ulimjibu nini?